Ugonjwa wa Plazma

Majina ya magonjwa nayajua yote, hakuna hata moja linalonipita. Nayajua kama ninavyowajua mawaziri: nimewasikia redioni, lakini mmoja wao akibisha hodi hapa kwangu nitamuuliza kama amekuja kusoma mita. Darasa nililoishia ni la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma zile siku ambazo mvua haikunyesha. Kwa hiyo msiniulize kongosho liko upande gani wa tumbo. Niulizeni habari za nyumba yenye geti la bati. Hapo ndipo nilipo profesa.

Nyumba hiyo ni ya mama mmoja mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mdogo ni fundi bomba, mtu wa ngazi na spana, maneno machache. Mkubwa anaitwa Dokta, na aliyempa udaktari hajulikani. Ana mzani wa kukanyaga, mashine ya presha ambayo mpira wake umezibwa kwa kiraka cha baiskeli, na koti jeupe la mtumba ambalo mfukoni limetariziwa picha ya mkate. Hukaa nje ya benki, watu wanapotoka na hela zao, akawapima. Uzito una bei yake na maelezo yana bei yake. Akikwambia umenenepa, huongezi kitu. Akikwambia una lipidi za pembeni zinazolinyemelea ini, mkono unakwenda mfukoni wenyewe.

Jioni hurudi kwenye chumba chake cha mbele, ambacho halipii kodi kwa kuwa ni kwa mama yake, akala chakula ambacho hanunui kwa kuwa kinapikwa na shemeji yake, mke wa fundi bomba. Shemeji huyo ni mshonaji, cherehani yake iko hapo barazani. Huyo mkae naye vizuri. Kucheka hucheka taratibu, na kusahau husahau taratibu zaidi.

*

Fundi bomba alianguka pamoja na tangi la maji alilokuwa akilifunga juu ya paa la watu. Tangi halikupata hata mchubuko. Yeye alilazwa chali wodini, mguu umefungwa kamba, na mwisho wa kamba unaning'inia mfuko wa mchanga ukiuvuta. Daktari wa mifupa, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliongea na mshonaji pale pale miguuni pa kitanda, kila mtu akisikia.

"Fupa la paja limevunjika. Tutaingiza chuma ndani yake."

"Lini, daktari?"

"Damu ikipatikana. Paja linamwaga damu nyingi, sishiki kisu kabla sijaiona damu ya akiba kwenye friji. Na mumeo ni O hasi."

"O hasi ndiyo ugonjwa gani tena?"

"Si ugonjwa, ni kundi la damu. Yeye anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini hapokei ila kutoka kwa O hasi mwenzake. Nao ni wachache. Kwenye friji yetu hakuna."

"Nichukueni mimi."

"Umeshapimwa, mama. Wewe ni B. Halafu damu yenyewe haikutoshi hata wewe."

Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili wakageuka kumtazama vizuri yule mwanamke ambaye damu yake haimtoshi. Mshonaji akavuta kitambaa chake cha kichwa, akakaza fundo.

"Na ikichelewa?"

"Mfupa hausubiri. Utaanza kujiunga wenyewe, na utajiunga ulivyolala. Mguu utakuwa mfupi, umepinda. Kutembea atatembea. Kupanda ngazi asahau. Nimempangia Ijumaa ya wiki ijayo. Ijumaa hiyo ikipita, kuna watu wengine kwenye foleni."

Daktari akaenda zake. Mshonaji akabaki akiuangalia ule mfuko wa mchanga. Fundi bomba asiyepanda ngazi ataziba mabomba ya wapi, ya uvunguni?

"Usihangaike," mumewe alisema, meno yamebanana. "Kaka ni O hasi. Si unamsikia kila siku?"

Alikuwa akimsikia. Hapakuwa na sherehe wala msiba ambao Dokta hakuwakumbusha watu. "Mimi na mdogo wangu ni O hasi," angesema, kidole juu. "Damu ya wachache. Ninyi wengine hiyo mliyo nayo ni sharubati."

*

"Mnaniuliza?" Dokta alisema jioni ile, akijipiga kifua mpaka mkate wa mfukoni ukakunjamana. "Ndugu yangu tumbo moja! Hata lita tano nitatoa."

Mama yake akatokwa na machozi ya furaha. Mshonaji akasema, "Basi twende kesho asubuhi, shemeji."

"Kesho? Shemeji, shemeji. Damu haifunguliwi kama maji ya bomba. Kwanza lazima nipandishe himoglobini."

"Inapandishwaje, mwanangu?" mama aliuliza.

"Maini, mama. Ya ng'ombe, yasiive sana. Mayai asubuhi, na maziwa. Na anayejiandaa kutoa damu hasumbuliwi, wala habebeshwi kitu kizito."

Mshonaji aliuza pasi yake ya umeme kwa mshonaji mwenzake wa mtaa wa pili, naye alimpa bei ya mtu anayejua mwenzake amebanwa. Ikawa maini. Kila mlo mama mkwe alisimama nyuma ya mwanawe na kitambaa, anafukuza nzi. Dokta akimaliza alivuta kope ya chini kwa kidole, akamwonyesha mama yake wekundu wa jicho. "Tazama, inapanda." Na kweli ilipanda, ikapanda mpaka ikatokea mashavuni.

Wodini mshonaji alipeleka uji. Mumewe alinusa kibakuli, akatabasamu.

"Maini yanakwenda kwa kaka?"

"Yanakwenda kwa kaka."

"Vizuri. Ndiyo hayo yatakayorudi kwangu." Kisha akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Mimi nina kaka, bwana. Ananilia maini huko."

*

Jumatatu Dokta aliondoka amevaa koti lake jeupe, limenyooshwa kwa kulaliwa chini ya godoro, kwa kuwa pasi ilishageuka maini. Mama alimwombea mpaka getini. Mchana alirudi akitembea kama mtu aliyebeba yai kifuani, akakaa barazani, akashika kichwa.

"Wamenikataa."

Mguu wa mshonaji ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Wamekukataaje? Kwa nini?"

"Wamenikuta na plazma."

Wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao wakarudi nyuma hatua moja.

"Plazma ndiyo nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Mama, mambo mengine bora mzazi asiyajue."

"Ni nyingi?"

Dokta akatazama mbali. "Zaidi ya nusu ya damu yangu, mama. Wataalamu wenyewe waliitana kuja kuangalia."

Mama akaketi chini. Kwa dakika ile ilikuwa kama fundi bomba hakuwahi kuanguka popote; mgonjwa wa nyumba ile alikuwa Dokta. Mshonaji akauliza kama jioni bado anataka maini. Dokta akafikiri kidogo, akasema yaliyobaki si vizuri yakaharibika.

*

Asubuhi iliyofuata mshonaji alikwenda hospitali, moja kwa moja chumba cha kuchangia damu. Msimamizi wake alikuwa mama mnene wa maabara, mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

"O hasi?" alisema mama wa maabara. "Jana hakuja. Juzi hakuja. Angekuja ningemkumbatia."

"Alikuwa na koti jeupe. Mfukoni lina picha ya mkate."

"Mkate ningeukumbuka, maana sikunywa chai jana. Hakuja mtu kama huyo."

"Labda alikataliwa mlangoni. Alisema amekutwa na plazma."

Mama wa maabara akaichomoa penseli kichwani, akaitazama, akairudisha. "Amekutwa na nini?"

"Plazma. Zaidi ya nusu ya damu yake."

"Njoo." Akamchukua mpaka kwenye kishubaka cha vioo, akamwonyesha kichupa cha damu iliyoachwa itulie. Chini palikuwa na wekundu mzito, juu maji ya manjano, kama mafuta ya kupikia yaliyochakaa. "Hayo ya juu ndiyo plazma. Umajimaji wa damu. Chembe zote zinaogelea humo. Zaidi ya nusu ya damu yako ni hiyo. Na yangu. Na ya mbuzi pia. Huyo jamaa amekutwa na plazma kama nyumba inavyokutwa na sakafu."

Mshonaji alikitazama kile kichupa muda mrefu. Aliyaona maini yote, moja baada ya jingine. Akaiona pasi yake kwenye meza ya mwenzake. Akamwona mumewe anasema, mimi nina kaka, bwana.

"Ukimleta, mlete kabla ya Ijumaa," mama wa maabara alisema.

"Atakuja. Atakuja kwa miguu yake."

Njiani hakwenda haraka. Kumpigia kelele Dokta ilikuwa rahisi, lakini mshonaji alimjua shemeji yake. Ukimnyang'anya neno moja ana gunia zima ndani. Angesema hakumaanisha plazma, alimaanisha plazmosisi ya ndani kwa ndani, mama angelia, na Ijumaa ingepita. Hapana. Plazma alijishonea mwenyewe. Basi aivae, tena aivae barabarani watu wamwone, mpaka aombe mwenyewe kuvuliwa.

*

"Shemeji, pole sana," mshonaji alisema akiingia getini, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani wa kushoto. "Nimeuliza hospitali kuhusu plazma yako. Wanaijua!"

Dokta, aliyekuwa anachokonoa meno, akatoa kijiti mdomoni. "Wanaijua?"

"Wameshtuka sana. Wamesema wewe una akili, si wengi wanaojijua. Wamenipa masharti."

Kama mshonaji alikuwa mwongo, mimi sisemi. Masharti aliyataja mbele ya mama mkwe, na mama mkwe aliyakariri kama sala. Mgonjwa wa plazma hali nyama, hali maini hasa, maini ndiyo yanayoilisha. Hali mayai. Hali chumvi, sukari, wala kitu kilichogusana na mafuta. Anakula maboga yaliyochemshwa na kupondwa, asubuhi na jioni. Anaoga maji ya baridi alfajiri, damu isigande.

"Mimi ni mtu wa afya," Dokta alijaribu. "Kuna nadharia mbili kuhusu plazma..."

"Nyamaza, baba," mama yake alisema. "Wewe sasa ni mgonjwa. Mgonjwa hajitibu."

Alfajiri mama mwenyewe ndiye aliyemmwagia maji. Mayowe ya Dokta sisi majirani tuliyasikia wote, na mshonaji alisikika kutoka jikoni akisema, "Vizuri, mama, akipiga kelele ndiyo inatoka!"

Maboga aliyala. Siku ya kwanza kwa adabu, siku ya pili kwa uso wa mtu anayemeza vidonge bila maji. Jikoni mshonaji alikaanga nyama ya mgonjwa wa wodini, akiwa ameacha mlango wazi na upepo ukielekea chumba cha mbele. Akafunga kibakuli, akapita nacho mbele ya Dokta polepole.

"Hiyo ni nini, shemeji?"

"Maini. Ya mume wangu. Usivute hewa sana, shemeji, mvuke nao una protini."

Kule nje ya benki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwanamke mmoja, mteja wa Dokta wa kila mwezi, alimwendea mshonaji barazani kuuliza: eti plazma inaambukiza? Mshonaji alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja.

"Mimi sijui, dada. Mimi ni mshonaji tu, si mtaalamu. Siwezi kusema kwamba inapanda kupitia nyayo. Sijasema hivyo. Ukienda kupima uzito, panda tu, labda uvae viatu."

Ikatosha. Kesho yake watu walitoka benki wakauzunguka ule mzani kwa mbali kama vile ni nyoka amelala. Mtu mmoja alimtupia Dokta sarafu kutoka ng'ambo ya barabara, akamwambia asihangaike kurudisha chenji, apone tu. Aliyekuwa anauza soda karibu yake akahamisha meza.

Dokta akarudi nyumbani mapema siku hiyo, Jumatano, mzani kwapani, akamkuta mama yake anaponda maboga.

"Mama, nina habari njema. Nimepona."

"Umeponaje?"

"Nimejipima mwenyewe kitaalamu. Plazma imeisha. Haipo kabisa mwilini."

"Hata tone?"

"Hata tone, mama. Niko mkavu."

Mama akaweka mwiko chini, akainua mikono juu, akashukuru. Mshonaji naye akashukuru, tena kwa sauti kuliko mama. Kisha akasema kwa upole, akimpangusa mama mkwe shavu:

"Basi, mama, kilichokuwa kinazuia damu yake kimeondoka. Kesho twende naye, wathibitishe, na ndugu yake apate damu. Ijumaa ndiyo keshokutwa."

Dokta akafungua mdomo. Mtu aliyekuwa na gunia zima la maneno, siku hiyo alipapasa ndani akakuta gunia tupu.

"Kesho nina miadi," alisema hatimaye.

"Na nani?" mama yake aliuliza. "Mzani?"

*

Alhamisi asubuhi mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha mbele, akasema hanyanyuki hapo mpaka watoke wote pamoja. Dokta alijaribu kizunguzungu, akajaribu tumbo, akajaribu hata kusema sindano humletea mzio wa kuzaliwa. Mama alisikiliza kila ugonjwa mpaka mwisho. "Vizuri," alisema. "Vyote hivyo utavitaja huko huko." Wakatoka, mama mbele, Dokta katikati, mshonaji nyuma, mpangilio ambao mtu aliye katikati hapati pa kupenya.

Chumba cha kuchangia damu kilikuwa na harufu ya spiriti. Mama wa maabara aliuona mkate mfukoni mwa koti, akaichomoa penseli kichwani.

"Karibuni. Huyu ndiye wa plazma?"

"Ndiye, mwanangu," mama alisema. "Lakini amepona. Imeisha yote, hata tone halipo."

"Imeisha!" Mama wa maabara akamzunguka Dokta, akamgusa shingo kwa vidole viwili. "Ajabu. Nimefanya kazi hapa miaka mingi, sijawahi kupokea maiti anayetembea."

"Unasemaje?" mama mjane aliuliza.

Mama wa maabara akamwambia kama alivyomwambia mshonaji, kwa kichupa kile kile, wekundu chini, manjano juu. Aliongea bila haraka, kwa heshima yote anayostahili mtu mzima. Mama mjane alisikiliza huku akikitazama kichupa, halafu akautazama mkono wake mwenyewe, mishipa yake ya uzee.

"Kwa hiyo hata mimi ninayo?"

"Hata wewe, mama yangu."

"Na huyu hakuwahi kuumwa."

"Huyu ana mashavu ya harusi."

Dokta alikuwa ameketi, jasho linamtoka chini ya kola. Mshonaji alisimama mlangoni. Alikuwa amesema ya kutosha wiki hiyo.

"Lakini, mama," mama wa maabara aliongeza, "hapa hatumlazimishi mtu. Damu inatolewa kwa hiari."

"Msimlazimishe," mama alisema. "Ninyi kaeni kando. Mimi ndiye niliyemzaa."

Akamgeukia mwanawe. Hakupaza sauti.

"Jumatatu ulikuja hapa, hukuja?"

"Nilikuja, mama!"

"Ndugu yako amelala kule anawaambia watu ana kaka. Nakuuliza tena. Ulikuja?"

"Mama, naapa kwa maziwa yako. Nilikuja." Sasa maneno yalimrudia, yakaanza kukimbia. "Huyu mama hakuwepo, alikuwa kijana mmoja, mwembamba, wa miwani. Pengine ndiye aliyekosea kusoma, mimi nimechukua alichoniambia. Lakini kuja nilikuja. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, mama, hiki nilichokalia sasa. Nikaegemeza mkono hapa hapa, nikakunjua vidole, nikachomwa. Hata nilisema moyoni, kiti hiki kimezeeka, wangekibadilisha."

Mama wa maabara akaangalia kiti. Akaangalia sakafu. Alionekana mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Kiti hicho kimeshushwa kwenye gari leo asubuhi," alisema. "Sisi wenyewe hatujamaliza kukivua nailoni."

Dokta hakusogea, lakini nailoni ilisikika ikilalama chini ya kiwiko chake. Mama yake akaanza kumkunja mkono wa koti, kunjo baada ya kunjo, kama alivyokuwa akimkunja alipokuwa mdogo ili amwogeshe. Mshonaji akatoka mlangoni, akainama kando ya shemeji yake, akaishika ile nailoni kwenye pindo lake, akaibandua taratibu.